MSHIKA MBILI BARABARANI

Wasomaji wenzangu, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za michezo, za mitihani, na za ndugu zetu waliokwisha maliza masomo wakaenda kazini. Leo naomba nafasi kidogo nieleze jambo ambalo kila mmoja wetu hukutana nalo asubuhi na jioni, nalo ni dereva ambaye mikono yake iko usukani lakini macho au mawazo yake yako kwingine. Nitaeleza mambo matatu. Kwanza, ni kitu gani hasa hutokea mtu anapoendesha gari huku akifanya jambo jingine. Pili, kwa nini sisi sote ni wepesi wa kulaumu kosa la dereva mwingine na wazito wa kuliona letu. Tatu, mwanafunzi asiye na gari aweza kufanya nini.

Barabara zetu

Mimi nakaa Mtandire, mjini Lilongwe, jirani na Area 47. Asiyepajua na apate picha hii: nyumba zimebanana, njia za vumbi zinatokea ghafla kwenye barabara ya lami, na kando ya lami hiyo wako wauza nyanya, watoto wa shule, baiskeli na pikipiki za kabaza, minibasi zinazotafuta abiria, na motokaa za watu wanaowahi ofisini. Wote hao hugawana upana wa hatua chache tu.

Anayetoka kwetu kwenda Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, hushika barabara kuu ya M1 iendayo kaskazini, safari ya kilomita zaidi ya 40. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, na Kiswahili husemwa huko kila siku na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Wengi wao walikuwa na maduka na kazi mjini, mpaka mwaka 2023 Serikali ilipoamuru wakimbizi warudi kambini. Basi jamaa na marafiki wametawanyika huku na huko, na safari hiyo twaijua vizuri, wengine kwa minibasi, wengine kwa matola, yaani gari la mizigo linalopakia watu nyuma.

Ni barabara mbili za tabia mbalimbali. Mtandire, dereva aliyepotewa na mawazo humgonga mtu wa miguu. Kwenye M1, dereva yule yule huvuka katikati ya barabara na kukutana na lori uso kwa uso. Lakini mzizi wa mambo ni mmoja, nao wazee wetu waliutaja kabla motokaa haijafika Afrika: mshika mbili moja humponyoka.

Hesabu ya macho

Dereva aweza kutolewa katika kazi yake kwa njia tatu. Macho yake yaweza kuondoka barabarani. Mikono yake yaweza kuondoka usukani. Na akili yake yaweza kuondoka, hata kama macho na mikono vimebaki mahali pake. Kondakita anapompa dereva noti azihesabu, macho na mikono huondoka pamoja. Dereva anapofikiria ugomvi wa nyumbani, ni akili peke yake iliyoondoka. Simu ni mbaya kuliko vingi kwa sababu huchukua vyote vitatu kwa mara moja.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata mita 16 na zaidi kwa kila sekunde moja. Dereva akitazama simu kwa sekunde tatu tu, gari limekwenda mita 50 bila mtu wa kuliangalia. Kwenye M1, gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde. Kusoma ujumbe mfupi kwa sekunde tano ni kwenda mita 111, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli.

Nawashauri mfanye jaribio hili siku ya michezo. Simameni kwenye mstari wa goli moja, mtazame goli la pili, na kila mtu ahesabu kimoyomoyo ni watu wangapi, mbuzi wangapi, na baiskeli ngapi zaweza kukaa katikati. Umbali huo wote ndio ambao dereva husema, “Nimetazama mara moja tu.”

Tena mkumbuke kwamba hesabu hiyo haijaingiza breki. Hata dereva aliye macho kabisa huhitaji kama sekunde moja kuona hatari, kuielewa, na kupeleka mguu kwenye breki. Katika sekunde hiyo, kwa mwendo wa kilomita 60, gari limekwisha kula mita 16 nyingine. Ndipo breki huanza kazi, na gari bado litaserereka mbele kabla ya kusimama. Mtoto aliyevuka mbele ya dereva anayesoma simu hakupewa nafasi yoyote ya kupona.

Kusema kwa simu bila kuishika

Watu wengi hudhani kuwa ubaya wa simu uko mkononi tu, na kwamba dereva akiweka kidude cha kusikilizia sikioni, basi amemaliza shida. Sheria za nchi nyingi nazo zimekataza kushika simu, wala hazikukataza kuzungumza. Lakini uchunguzi umeonyesha mambo mengine.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Canada, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao uliofanywa Toronto. Walichukua madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali, wakalinganisha saa ya ajali na hesabu za simu zao. Waliona kwamba hatari ya kugonga wakati wa mazungumzo ilikuwa kama mara nne ya wakati mwingine, na kwamba wale waliozungumza bila kushika simu hawakuwa na nafuu iliyoonekana. Baadaye David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka watu katika chombo cha kuigiza uendeshaji wa gari, wakaona jambo la ajabu zaidi: mtu anayezungumza kwa simu huelekeza macho yake kwenye kitu kilicho mbele yake, na bado asikione. Macho yamefika, akili haikufika.

Hapo mtu atauliza, je, kuzungumza na abiria aliyekaa ubavuni si mamoja? Si mamoja. Abiria naye anaiona barabara. Ng'ombe akitokea, abiria hunyamaza mwenyewe, au hupiga kelele, “Angalia!” Lakini yule aliyeko upande wa pili wa simu, labda ameketi Dzaleka kivulini, haoni ng'ombe wala lori. Huendelea kuuliza bei ya unga pale pale dereva anapohitaji akili yake yote.

Hata hivyo tusiitupie simu kila lawama. Kabla ya simu kulikuwa na redio, na mahindi ya kuchoma, na mabishano juu ya chenji. Dereva wa minibasi ana kishawishi chake kikubwa kuliko vyote, nacho ni abiria wa mbele. Mapato yake ya siku yamesimama kando ya barabara, na hapana budi ayatafute kwa macho. Kwa hiyo hutazama kushoto kuona nani anapunga mkono, hutazama kwenye kioo kuona kama minibasi nyingine yaja kumnyang'anya, na barabara yenyewe huitazama akipata nafasi.

Majibu ya madereva wanne

Sasa nafika katika jambo la pili. Siku moja nilichukua daftari nikawauliza madereva wanne wa mtaani kwetu swali moja: “Katika tabia za wenzako barabarani, ipi inayokuudhi zaidi?” Majibu yalikuja kama mvua. Dereva wa minibasi aliwalaumu watu wa kabaza, kwamba huvuka bila kutazama, masikio yameziba kwa muziki. Kijana wa kabaza aliwalaumu watu wa minibasi, kwamba husimama ghafla wakimwona abiria, bila ishara. Dereva wa lori aliwalaumu wenye magari madogo, kwamba huendesha wakichezea simu. Bwana mwenye gari dogo aliwalaumu wote watatu.

Ndipo nikauliza swali la pili: “Na wewe, ni jambo gani hukuondoa macho barabarani?” Hapo majibu yakawa mafupi. Wa minibasi alisema, “Mimi nimezoea.” Wa lori alisema hupokea simu pale tu tajiri wake anapopiga, maana asipopokea atafukuzwa. Wa gari dogo alisema yeye hutazama simu barabara ikiwa wazi tu. Kijana wa kabaza alisema, “Simu hii ndiyo wateja wangu.”

Mtu aweza kucheka na kusema nyani haoni kundule, na methali hiyo ni kweli. Lakini methali hutuambia kwamba ni hivyo, haituambii kwa nini. Wataalamu wa elimu ya akili wamejaribu kueleza sababu. Ninapokosa mimi, sababu naijua: tajiri alipiga, mtoto alikuwa mgonjwa, nilichelewa. Anapokosa mwingine, sababu yake siioni; naona gari tu limenikata njia. Basi kosa langu nalipa jina la haja, na kosa lake nalipa jina la tabia. Mimi nimelazimika, yeye ni mshenzi. Lee Ross, mtaalamu wa Kimarekani, aliandika juu ya mwelekeo huu mwaka 1977, na barabara ni mahali unapoonekana wazi kabisa, kwa sababu kila mtu amefungiwa ndani ya bati lake na hawezi kumwuliza mwenzake, “Ndugu, kuna nini leo?”

Sababu nyingine ni kwamba kila dereva hujiona hodari. Mwaka 1981 Ola Svenson, mtaalamu wa Sweden, aliwauliza wanafunzi wa Marekani na wa Sweden wajilinganishe na wenzao kwa ustadi wa kuendesha. Kwa Wamarekani, watu 93 katika kila 100 walijiweka katika nusu ya juu. Kwa Waswedi walikuwa 69. Kila mwanafunzi wa hesabu ajua kwamba haiwezekani watu 93 kati ya 100 wakaingia katika nusu moja. Wako waliojidanganya, wala hawakujua.

Na mtu hudanganyikaje hivyo miaka mingi? Jibu liko katika lile neno la dereva wa minibasi, “nimezoea.” Moto hukufundisha upesi, kwa kuwa kila ukiugusa hukuunguza. Barabara si kama moto. Mtu aweza kusoma simu akiendesha mara mia na mara mia zote afike salama, naye huzihesabu safari hizo kuwa ushahidi wa ustadi wake. Kumbe katika safari hizo mia, hakuna mtoto aliyevuka sekunde ile. Ustadi haukuwako, palikuwa na nafasi tupu barabarani, basi.

Hasira ya mwenye haki

Kuna jambo moja ambalo madereva wanne wale hawakulitaja, nalo naliona kubwa. Kumkasirikia dereva mwenye kosa nako ni kushika mbili. Mwenye gari aliyekatwa njia hupiga honi kwa mkono mmoja, hutoa kichwa dirishani, hutafuta uso wa mkosaji amtukane, na pengine humfukuza ili amlipize. Kwa muda huo wote, nani anaendesha gari lake? Aliyekuwa na haki dakika moja iliyopita amekuwa hatari ya pili. Kosa la kwanza labda lingepita bila madhara, na hasira ndiyo iliyoliletea maiti.

Tena kosa la mwingine hutumiwa kuwa ruhusa. Dereva akiona minibasi tatu zimepita kando ya lami, penye watoto, kuikwepa foleni, husema, “Na mimi nifanye nini? Wote wanafanya hivyo.” Hivyo yule yule anayelaani tabia mbaya asubuhi huifuata jioni, na mwanafunzi anayetembea pembeni hajui kama gari linalokuja ni la mlaani au la mlaaniwa.

Abiria ana mdomo

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu kama milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua vijana na watoto wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Umri huo ni wetu sisi tunaosoma hapa. Hatuwezi kungoja mpaka tupate leseni ndipo tuanze kulifikiri jambo hili.

Mfano mzuri watoka Kenya. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika karatasi ndogo ndani ya matatu za safari ndefu, zikiwahimiza abiria waseme dereva anapoendesha vibaya. Magari yalichaguliwa kwa kura, mengine yakapata karatasi, mengine yasipate, na madereva waliozitunza waliingizwa katika bahati nasibu wapate zawadi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: katika magari yaliyobandikwa, madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio la pili, lililokuwa kubwa zaidi na ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2015, lilionyesha upungufu wa robo hadi theluthi moja. Kazi hiyo ikaenezwa Kenya kwa jina la “Zusha!”, neno la Kiswahili safi, maana yake anzisha jambo, lilete mbele za watu.

Ni kwa nini karatasi tu ifanye kazi kubwa hivyo? Nadhani abiria wengi walikuwa wakiogopa tangu zamani, ila kila mmoja alidhani anaogopa peke yake. Alinyamaza asije akaonekana mwoga au mjuaji. Karatasi ilimwambia kwamba kusema ni haki yake, na abiria mmoja akisema, wa pili humwunga mkono. Dereva aweza kumpuuza mtu mmoja, lakini gari zima likinung'unika ni vigumu, maana hao ndio nauli yake.

Lakini kusema kuna namna yake, hasa kwa kijana mbele ya mtu mzima. Ukimwita dereva mjinga mbele ya abiria, umemtia hasira, na hasira tumekwisha kuiona kazi yake. Mwite kwa heshima. Dzaleka sema, “Kaka, samahani, tunaomba umalize simu kwanza, sisi tutangoja.” Kwa Wachewa mwite achimwene akiwa kijana, au bambo akiwa mtu mzima. Sema juu ya abiria wote, usiseme juu ya uhodari wake. Kama yuko mama mwenye mtoto garini, mwombe yeye aanze. Neno la mama aliyebeba mtoto ni zito kuliko hotuba ya kijana.

Kuna kazi nyingine tatu zisizohitaji hata nauli. Kwanza, tusiwe sisi wenye kumpigia dereva. Ukimpigia kaka yako ukasikia mngurumo wa gari, sema, “Nitakupigia ukifika,” ukate. Mpigaji asiyekata naye ameshika usukani bila leseni. Pili, tutembeapo mahali pasipo na njia ya miguu, tupite upande wa kulia, tukiyakabili magari, kwa kuwa Malawi magari hupita kushoto. Na tutoe vya masikioni kabla ya kuvuka. Si haki kumlaumu dereva wa simu nasi tunavuka tukitazama simu. Tatu, ukipanda kabaza, usimwonyeshe mwendeshaji kitu chochote katika simu yako mpaka mmesimama.

“Ajali haina kinga”

Najua wako watakaonijibu kwa methali hiyo, na gari likigonga Mtandire ndiyo inayosikika kwanza. Lakini yafaa tuliangalie neno lenyewe. Ajali ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, siku ya mtu ya kufa. Katika maana hiyo methali ni ya kweli. Hapana mtu wa kuizuia siku yake. Baadaye neno likatumiwa kwa gari kugonga au kupinduka, na methali ikaenda pamoja nalo, ikawa mlango wa kutokea kwa kila dereva aliyekuwa akisoma ujumbe. Kugonga kwa sababu ya simu kuna kinga, nayo ni kuiweka simu mahali mkono usipofika kabla ya kuwasha gari.

Kwa ninyi ndugu zetu mliomaliza hapa na sasa mnaendesha malori, minibasi na magari yenu wenyewe, nina ombi moja. Safari ijayo, mkiona dereva mwenzenu ameinamia simu, msihesabu kosa lake. Yatazameni macho yenu yako wapi wakati huo. Na kwa wale mlio matajiri wenye magari, msimpigie dereva wenu akiwa njiani kisha mkamfukuza kwa kutopokea. Jina la Dzaleka latokana na neno la Kichewa, kuleka, nalo ni kuacha. Ukipita kibao chenye jina hilo na simu inalia mfukoni, basi umekumbushwa: iache ilie mpaka ufike.